Bei ya Wiki Mbili

Mwanangu Zaituni,

Salamu tutapeana kwa mdomo jioni, ukirudi. Sasa hivi ni saa tisa na nusu alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Gashonga kumuaga shangazi yako, na najua atawachelewesha, maana hajawahi kumwacha mtu aondoke kwake bila mkungu wa ndizi. Nimefunga kidirisha changu cha kubadilishia pesa mapema. Jirani yangu pale, yule muuza vitenge, ameshangaa, kwa sababu tangu anijue hajaniona nikifunga siku ya soko kabla jua halijashuka. Nimemwambia binti yangu anasafiri kesho. Akasema, "Aah, Mzee, basi iko maladi ya roho." Nikaucheka naye huo ugonjwa wa roho, nikapanda nyumbani.

Sitakuandikia juu ya sweta, wala dawa ya malaria, wala mahali pa kuficha pesa njiani. Hayo mama yako ameyasema mpaka begi lenyewe limeyakariri. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema Jumanne tukiwa tunakula. Ulisema kampuni inayokuchukua Arusha ina kambi ya uwindaji porini, na katika kambi hiyo yuko mzee mfuatilia nyayo anayeitwa Kasanda, na huyo ndiye aliyekuwa na kaka yako Yusufu siku ile. Ulikuwa na furaha. Ulisema, "Papa, ataniambia yote. Tutajua ile Yusufu alikuwa anasema siku za mwisho." Mama yako aliacha kula akakushika mkono. Mimi nilinyanyuka kwenda kunawa, ingawa sahani yangu ilikuwa haijafika nusu.

Zaituni, mimi najua Yusufu alisema nini siku za mwisho. Aliniambia mimi. Miaka mitatu nimekaa na maneno hayo peke yangu, na sasa naona heri uyasikie kwa baba yako kabla ya kuyasikia kwa Mzee Kasanda, ambaye hana kosa na wala hana sababu ya kunifichia.

Niache nianze mbali kidogo. Unanijua, sipendi kutaja bei ya kwanza.

Nilianza kuvunja pesa, kubadilisha dola na faranga, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwanza nilisimama barabarani karibu na daraja la Ruzizi na kibunda mfukoni, baadaye nikapata kidirisha chenye kibali hapa Kamembe. Kazi ile ilinifundisha vidole kabla ya kunifundisha kichwa. Noti ya dola ikiingia mkononi mwangu, kidole gumba kinakwenda chenyewe pembeni kutafuta mchaniko, kisha mkono unainuka wenyewe kuipeleka kwenye mwanga. Unajua watu wa Bukavu, kule ng'ambo ya Kongo, walivyo. Dola ikiwa na mchaniko wa ukubwa wa ukucha wa mtoto, hawaitaki, hata umlilie muuzaji. Sehemu nyingine inapokelewa kwa kunung'unika. Hapo katikati ndipo nilipopata riziki yangu. Noti ambayo mama muuza samaki amekataliwa kule ng'ambo, mimi naichukua kwa bei ya chini, naipeleka inakopokelewa, tofauti inabaki kwangu. Sikuona aibu na mpaka leo sioni, ni kazi kama kazi nyingine. Aibu yangu iko mahali pengine.

Ulikuwa mdogo bado, labda wa miaka sita, alipokuja mama mmoja kutoka Bweyeye. Mvua ilikuwa imekata barabara, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia aliitembea. Alikuwa na noti za euro alizotumiwa na mwanawe kwa mkono wa mtu, zimekunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Hakujua euro ni nini, alidhani ni dola za rangi nyingine. Nami nikamwacha adhani hivyo. Nilimvunjia kwa bei ya dola, kisha nikamkata tena kidogo kwa ajili ya mikunjo. Akanishukuru kwa mikono miwili, "Imana iguhe umugisha," Mungu akupe baraka, akaondoka. Jioni niliwasimulia mezani, nikimwigiza alivyofungua kitambaa. Yusufu alicheka, na wewe ukacheka kwa kuwa yeye amecheka. Mama yako peke yake ndiye aliyeuliza, "Na kurudi, alirudi na miguu?" Nilimjibu kwamba mimi siye mwenye barabara.

Nakukumbusha hilo kwa sababu ndivyo nyumba yetu ilivyoishi. Tulikula kwa ujanja wangu, mkasoma kwa ujanja wangu, nami niliamini kabisa kwamba mtu anayejua bei hawezi kudhurika. Hicho ndicho nilichomfundisha kaka yako. Kuswali alifundishwa na mama yako.

Kazi ya Yusufu unaijua nusu tu, kwa sababu wakati ule ulikuwa shule ya bweni. Kulikuwa na kampuni moja ya huko Tanzania iliyokuwa ikipokea wawindaji wa kizungu, wengi Wafaransa na Wabelgiji, na ilitafuta kijana anayejua Kifaransa na Kiswahili awe mdomo kati ya wageni na watu wa porini. Yusufu alikuwa na Kifaransa chake kizuri cha shule za Bukavu. Mkubwa wa kambi, Bwana Malele, alipiga simu akataja mshahara wa mwezi kwa shilingi. Nikaichukua ile simu mkononi mwa Yusufu. Nikamwambia mtu huyo kwamba mteja wake analipa dola, na anayemfanya mteja aelewe alipwe dola, kwa siku, mkononi. Tulivutana karibu saa nzima. Mwishowe alicheka akasema, "Mzee, wewe ungefaa kuuza simba." Nilivimba kichwa wiki nzima kwa neno lile, nikalirudia kwa kila aliyekuja dirishani.

Tulipatana hivi: akimaliza msimu analipwa dola zake zote. Akiondoka kabla msimu haujaisha, analipwa siku alizofanya, lakini kwa shilingi, na kwa bei ya kuvunjia ya ofisi yao, ambayo wanaijua wao peke yao. Sharti hilo la pili nililiona. Nilinyamaza kwa sababu niliona mwanangu hana sababu ya kuondoka kabla.

Msimu wa kwanza ulikwisha salama. Alirudi na viatu vipya, na orodha ya bei ya kampuni kwa Kifaransa, akijua itanifurahisha kuliko zawadi yoyote. Tuliisoma pamoja pale barazani, mstari kwa mstari. Kila mnyama alikuwa na bei yake. Bunduki ya kukodi ilikuwa na bei, kukausha ngozi kulikuwa na bei, hata kusafirisha pembe mpaka Ulaya. Nikakuta mstari mmoja unaosema kwamba mteja akimjeruhi mnyama na mnyama akapotea, analipiwa kama aliyekufa.

"Na huyo mwenye kuumia, nani anamufwata?" nilimuuliza.

"Mzee Kasanda mbele, anaangalia damu na nyayo. Muwindaji kiongozi na bunduki yake. Na muzungu nyuma."

"Na weye?"

"Miye nabakia ku gari, Papa. Kazi yangu ni mudomo."

Tulicheka sana. Nilimpiga begani.

Msimu wa pili ulikuwa umebakiza wiki mbili aliponipigia. Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, nami nimekaa hapa hapa ninapokuandikia. Kule mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na simu yake ilikuwa imeharibika pale pa kusikilizia, kwa hiyo ilimlazimu aweke sauti ya nje. Aliyekuwa karibu naye alisikia kila neno. Aliyekuwa karibu naye alikuwa Mzee Kasanda.

Alinisalimia, nikaitika, na badala ya kumuuliza hali nikauliza kama nilivyouliza kila mara, "Dola kule iko ngapi leo?"

Akasema, "Papa, sasa banataka nitembee nabo kwa miguu. Muzungu wa safari hii hasikiye Kingereza, na kiongozi hasikiye Kifaransa. Jana tulifwata mbogo yenye kuumia. Ilipita karibu, Papa. Nilisikia pumuzi yake."

"Ilikufanya kitu?"

"Hapana. Lakini usiku muzima sikulala." Nilisikia upepo. Kisha akasema, "Papa, nirudi?"

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Pasipoti yake alikuwa nayo, nauli alikuwa nayo. Hakuhitaji ruhusa ya mtu. Aliniuliza kwa sababu mimi ni baba yake, na baba ni mtu unayemuuliza kitu cha namna hiyo.

Nami nikapiga hesabu. Nakuapia, Zaituni, ndicho kitu cha kwanza kilichokuja, kabla ya sura yake. Akirudi leo watamlipa shilingi kwa bei yao ya ofisi. Akimaliza, ni dola, na wiki zile dola ilikuwa inapanda hapa kila asubuhi. Niliona tofauti ile wazi kabisa, nikaona mabati ya nyumba yake, nikaona mahari yake. Nikamwambia, "Yusufu, sikiliza. Kubakia ku gari ni bei moja. Kutembea kwa miguu ni bei ingine. Habawezi kukutembeza na bei ya gari. Ambia Malele anipigie."

"Papa, miye sikusema bei."

"Najua. Ambia anipigie."

Bwana Malele alinipigia jioni ile ile. Nilidai mara mbili ya ujira wa siku, na nilikuwa nimejiandaa kushuka. Akakubali hapo hapo. Mvunja pesa yeyote wa mpakani atakuambia: mtu akikubali bei yako bila kubisha, kuna kitu anakijua ambacho wewe hukijui. Niliwahi kukufundisha hivyo ulipokuwa unanisaidia dirishani wakati wa likizo. Basi nililijua, na bado nikafurahi. Nikamwandikia Yusufu: wiki mbili tu, kwa miguu ni mara mbili, jikaze. Akajibu, "Sawa Papa." Jibu hilo liko kwenye ile simu yangu ya zamani iliyo kabatini, ambayo nimewaambia imekufa. Haijafa. Naichaji mkiwa hampo.

Mwanangu aliniletea woga wake, mimi nikautia bei. Na nilipata bei nzuri. Nilinunua nyama jioni ile, kilo mbili, mama yako akauliza kuna nini. Nikamwambia Yusufu amepandishwa.

Ilikuwa siku ya sita tangu simu ile. Yule mzungu wao, Mbelgiji, alimpiga mbogo vibaya, wakamfuata kwenye nyasi ndefu. Yusufu alikuwa katikati, kati ya kiongozi na mteja, ili neno la huyu limfikie yule. Mbogo alitokea ubavuni. Mzee Kasanda ndiye aliyenipigia, hakuwaachia watu wa ofisi. Alinipa pole, akanieleza kwamba alimshika kichwa njia nzima ndani ya gari, na kwamba alikata roho kabla ya kufika barabara kubwa. Nilimuuliza kama alisema kitu. Akasema alimwita mama yake. Kisha Mzee Kasanda akasema, "Mzee, siku ile kilimani nilikuwapo."

Hakulisema kwa ukali. Mimi nilikata simu, nikamwambia mama yako mtandao umepotea.

Walimzika huko huko, kwa taratibu za dini yetu, katika mji mdogo ulio karibu na kambi. Baada ya hapo mama yako aliniomba niende nikaone kaburi, angalau nilete udongo kidogo. Nilisema pasipoti yangu imekwisha muda. Ilikuwa na miaka miwili mbele yake. Niliogopa kukaa mbele ya Mzee Kasanda na kunywa chai yake.

Sasa tufike siku unayoijua wewe. Siku ya tatu ya matanga alikuja mtu wa kampuni, kijana mwenye adabu aliyesafiri siku mbili. Wanaume tulikuwa mikekani nje. Alinipa bahasha ya rambirambi kwa mikono miwili. Ningeiweka mfukoni, yangeishia hapo. Sikukusudia, Zaituni. Kidole gumba kilikwenda chenyewe. Nilifungua bahasha mbele ya wajomba zako na mbele ya imamu, nikaanza kuinua zile dola kwenye jua, moja moja. Nikafika kwenye moja, nikamrudishia. Nikasema kwa sauti yangu ya dirishani, "Hii iko na mupasuko. Bukavu habaipokeye."

Wewe ulikuwa umesimama na chupa ya chai. Uliiweka chini, ukasema polepole, na kila mtu akasikia: "Papa, Yusufu njo unaangalia ku jua ivi?"

Kana kwamba ni Yusufu mwenyewe niliyekuwa namkagua kwenye mwanga. Kijana wa watu akatoa noti nyingine mfukoni mwake mwenyewe, akanipa. Nami nikaipokea.

Tangu siku ile umenipa chai, umenifulia shati, umenijibu kila nilipokuita, lakini macho yako hayajakaa kwenye uso wangu. Ulikuwa unaniita mkono wa birika kwa utani, utani huo ukaisha. Na mimi hujawahi kunisikia nikijitetea. Uliona nimevumilia kwa sababu najua nilikosa. Ukweli ni mbaya kuliko hivyo. Nilikuacha unichukie kwa ile noti ili usitafute kingine. Kosa la matanga lilinifaa. Lilikuwa dogo, nilijificha nyuma yake miaka mitatu.

Pesa ya bahasha ile ndiyo iliyokulipia masomo ya utalii. Nilifikiri sana kama nikuandikie hilo. Nimeandika kwa sababu siku moja ungepiga hesabu mwenyewe, una kichwa changu, na sitaki ukutane nayo ukiwa peke yako ofisini. Usiibebe. Aliyeipokea ni mimi.

Kesho unakwenda kuandika bei. Hiyo ndiyo kazi waliyokupa, kuwaandikia Wafaransa na Wabelgiji gharama za safari, kugeuza euro kuwa dola, kujibu maswali yao. Nilipoona barua ya kazi nilitaka kusema usiende. Sikuwa na haki. Na najua ofisi si yote unayoiendea, unaendea kaburi.

Kazi utaiweza kuliko mimi. Nina machache tu ya kukuambia, na uyapokee kama ya mtu aliyeungua, si ya mwalimu. Ukimwandikia mteja bei, mwandikie na siku uliyoigeuza, ili euro ikishuka baadaye asidhani umemwibia, na ikipanda usione haya kumrudishia. Usifiche kitu katika maandishi madogo ya chini. Yule mama wa Bweyeye angalau alikuwa mbele yangu, ningeweza kuinua macho nikaona miguu yake. Hao wa kwako watakuwa mbali, ni rahisi zaidi kuwafanya wasiwe watu. Na wale wa kambini, wapishi, wafuatilia nyayo, wachunaji, waambie mapema watalipwa pesa gani na kwa bei ipi ya kuvunjia. Wasiijue siku wanayotaka kwenda nyumbani. Mtu asilazimike kubaki porini kwa sababu ya bei ya ofisi. Kama huwezi kuibadilisha, basi isome kwa sauti mbele yao, kila mmoja aisikie.

Na kuna bei ambayo haipo. Mimi niliitafuta nikadhani nimeipata, mara mbili ya ujira wa siku. Ukiona siku moja umeketi na kalamu unatafuta kiasi cha kumlipa mtu ili aogope kidogo, iweke kalamu chini utoke nje.

Ukiogopa wewe, usinipigie kuniuliza. Panda basi. Shilingi, faranga, deni, nguo ulizoziacha kwa dobi, acha vyote, panda basi. Ukifika hapa hakuna atakayekuuliza kwa nini. Nimechelewa miaka mitatu kulisema hili, nalisema kwa mtoto aliyebaki.

Nilitaka kukutuma neno kwa Yusufu. Tangu Jumanne natafuta neno la wewe kulisema kaburini kwa niaba yangu, na kila ninalolipata, nikilirudia kichwani nasikia nabishana bei. Nikisema nilikuwa nawaza mabati yake, ni bei. Nikisema sikujua, ni bei, natafuta kushushiwa. Basi usimwambie chochote kutoka kwangu. Msalimie kwa jina la mama yako. Mmwagie maji, umsomee Fatiha, na ukae naye kadiri utakavyoweza.

Mzee Kasanda mheshimu. Mwambie Mzee Hamisi amesema yote ni kweli, asikuonee huruma kwa kukuficha nusu. Na umshukuru kwa kumshika kichwa. Sikumshukuru.

Kwako siombi msamaha leo. Kumuomba mtu msamaha usiku wa kuamkia safari ni kumkaba, atasema ndiyo ili apate usingizi. Gari lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa nimevaa, nitakuwa nimekaa nje kwenye benchi. Ukitaka nikubebee begi mpaka gare, pale stendi ya mabasi, nitalibeba. Ukitaka kwenda na mama yako tu, pita, nami nitaelewa, sitakuita. Nakupa barua hii jioni hii, ikiwa bado kuna mwanga, ili uwe na muda wa kuchagua. Yusufu sikumpa muda.

Mama yako hajui. Hajui kilima, hajui simu, hajui "nirudi". Anajua tu kwamba mwanawe alipandishwa cheo akafa. Nimeamua kumwambia kesho, ukishapita msitu wa Nyungwe, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usimwandikie kabla yangu, nakuomba hilo moja. Akitaka kunifukuza nitakwenda kwa mjomba wako Gikundamvura, tayari nimeshamuuliza kama kitanda kipo, hakuuliza cha nini.

Nawasikia getini. Mmerudi mapema kuliko nilivyodhani. Shangazi yako amewapa mikungu miwili, mmoja umeubeba wewe, na mama yako anabishana na kijana wa pikipiki juu ya nauli, anamwambia, "Weye, iyi ni bei ya bazungu!" na anacheka, Zaituni, anacheka kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka zamani. Nimeisimamisha kalamu ili nimsikilize. Kesho wakati kama huu atakuwa ameshajua.

Baba yako,
Hamisi